Chubwi ya kusubu nyumbani, ya dukani au kipande cha nondo: uchague ipi?

Anayevua kwa mshipi anajua kuwa chubwi, ule uzito wa kuzamishia ndoana, ni kitu cha kupotea. Asubuhi unaifunga, kabla ya adhuhuri imebaki mwambani pamoja na ndoana mbili na pima kadhaa za uzi. Ndiyo maana mazungumzo ya diko, pale wavuvi wanapotia nanga, kuhusu chubwi hayakawii kuangukia kwenye bei: nani anauza, nani anayeyusha mwenyewe, risasi, ile metali laini na nzito, anaitoa wapi. Wengi wanaona kusubu nyumbani, yaani kuyeyusha risasi na kuimimina ipate umbo, ni kazi nyepesi kiasi kwamba kununua ni uzembe. Sufuria ipo, mkaa upo, betri bovu la gari liko nyuma ya nyumba, mchanga umejaa pwani. Kilichobaki ni kuwasha jiko.

Njia ninazozilinganisha hapa ni tatu: kusubu mwenyewe, kununua chubwi ya risasi iliyo tayari, na kuachana na risasi ukatumia chuma, yaani kipande cha nondo ya kujengea. Jiwe na zege nitazigusa, maana zina watu wake. Msimamo wangu niuseme mapema: kwa mvuvi wa mshipi anayevua maji ya wastani, nondo inashinda, tena kwa tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani. Risasi ina mahali pake, lakini ni padogo. Na kusubu nyumbani, ukipiga hesabu nzima, ni nafuu kwa watu wachache sana.

Uzito wa nchi kavu na uzito wa majini

Hoja kubwa ya wapenzi wa risasi ni uzito, na ni hoja ya kweli. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3. Ya chuma ina gramu 7.85. Ya matale, lile jiwe gumu, ina gramu 2.65, na ya zege ni kama 2.3. Ukisoma tarakimu hizo peke yake utaona chuma kimeachwa mbali.

Lakini chubwi haifanyi kazi mezani. Baharini maji yanaisukuma juu kwa kiasi cha maji iliyoyahamisha, kwa hiyo cha kuulizwa ni uzito unaobaki ukishazamisha. Hesabu inakuwa hivi:

| Kitu | Gramu 100 zinabaki ngapi baharini | Gramu zinazolingana na risasi ya gramu 100 | Ukubwa wake (sentimita za ujazo) |
|---|---|---|---|
| Risasi | 91 | 100 | 9 |
| Chuma | 87 | 105 | 13 |
| Matale | 61 | 150 | 57 |
| Zege | 55 | 165 | 72 |

Tazama mstari wa chuma. Badala ya chubwi ya risasi ya gramu 100 unahitaji chuma cha gramu 105. Gramu tano tu. Kinachobaki ni ukubwa, maana mkondo wa maji unasukuma eneo, haujali uzito. Tuseme zote ni za duara: ya risasi ina kipenyo cha sentimita 2.6, ya chuma sentimita 3, ya matale 4.8, ya zege 5.2. Eneo linalopigwa na mkondo kwenye chuma linazidi la risasi kwa theluthi moja. Kwenye zege ni mara nne ya la risasi. Hapo ndipo jiwe na zege zinapoanguka: kuzama zinazama, ila mkondo unazibeba na mshipi unalala ubavu hadi hujui samaki kadonoa au ni maji.

Kwa hiyo swali la kweli ni kama theluthi hiyo ya eneo inakuhusu wewe, pale unapovua. Ukivua mwambani ndani ya pima kumi, maji mafu au mwanzo wa kujaa, haikuhusu. Ukivua ukingo wa kina kirefu wakati wa kusi, mkondo wa pwani unapokwenda kaskazini kwa nguvu zake zote, inakuhusu sana.

Kusubu mwenyewe

Uzuri wake upo, tuseme ukweli. Unapata umbo unalolitaka: ya mviringo ya kubingirika mchangani, ya pembe ya kushika chini, ndefu nyembamba ya kupenya mwambani. Unapata uzito unaoutaka. Na kwa anayeipenda kazi ya mikono, kuna raha ya kuigonga kalibu, kile chombo cha kumiminia chenye umbo, ikatoka chubwi inayong'aa kama shilingi mpya. Sibezi raha hiyo.

Tuiangalie kazi yenyewe kwa karibu, maana ubishi mwingi unatokana na watu kuiona kutoka mbali.

Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi. Kwa kumimina, nyuzi 350 hadi 400 zinatosha. Ukiitoa ngozi ya juu kwa upawa, chini yake inang'aa kama kioo; ikiachwa inarudi kijivu taratibu. Ikigeuka njano, kisha buluu na zambarau mara tu baada ya kuchotwa ngozi, umepitiliza joto. Wazee wa kazi hutumbukiza kijiti kikavu: kikiwa kahawia polepole, joto ni lake, kikifuka na kuwaka papo hapo, punguza moto. Chubwi ikitoka na mikunjo kama uso wa kikongwe, kalibu ilikuwa baridi. Ikitoka na ukungu mweupe kama barafu, kalibu imezidi joto.

Shida ya kwanza ni jiko. Jiko la mkaa halina kirekebishi. Likipata upepo wa bahari linapanda hadi joto ambalo huwezi kulikadiria kwa jicho, na kadiri joto linavyozidi ndivyo mvuke na vumbi la oksidi vinavyozidi. Gesi ni bora, kwa kuwa unaweza kuipunguza.

Shida ya pili ni sufuria, na hii sioni ikisemwa vya kutosha. Sufuria nyingi za madukani kwetu ni za alumini. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, na hulegea kabla ya kufika hapo. Mkaa unaopulizwa unazivuka hizo nyuzi bila taabu. Weka humo kilo kumi za risasi, ambazo hazijazi hata chupa ya lita moja, kisha inyanyue kwa masikio yake mawili. Chombo cha kazi hii ni cha chuma, kizito, chenye kitako kipana, na kikishaingia risasi hakirudi jikoni kamwe. Wala kisiuzwe kwa muuza vyuma chakavu bila kuelezwa, akakinunua mama ntilie.

Shida ya tatu ni maji. Tone la maji likigeuka mvuke hupanuka takriban mara 1,700. Tone hilo likiwa chini ya risasi iliyoyeyuka, mvuke unatafuta njia ya kutoka na unaondoka na risasi yote iliyo juu yake, hadi usoni kwako. Kipande kilicholala nje usiku, bomba lililozibwa ncha mbili, mchanga wa pwani ulioonekana mkavu ilhali una chumvi inayovuta unyevu: vyote vinatosha. Kwa hiyo vipande vyote viwekwe chomboni kikiwa baridi, vipate moto pamoja. Kama lazima uongeze baadaye, kipande kikae kwanza ukingoni mwa jiko mpaka kikauke kabisa. Kalibu ipashwe moto kabla ya tone la kwanza. Kalibu ya saruji au ya plasta sishauri kabisa, maana huficha maji ndani hata zikionekana kavu. Na usimimine juu ya sakafu ya zege; nayo hupasuka na kurusha vipande.

Kalibu nzuri ya bei nafuu niliyowahi kuiona ni ya mawe ya sabuni, yale ya Tabaka huko Kisii yanayochongwa sanamu. Linachongeka kwa kisu na linastahimili moto. Vipande viwili vinavyokutana bapa kwa bapa, tundu la kumiminia juu, na kitanzi cha waya wa shaba au wa chuma kisichoshika kutu kimelazwa ndani kabla ya kumimina. Kalibu ya mbao ngumu nayo inakubali kwa chubwi chache kabla haijaungua kingo. Wasio na haja ya umbo humimina kwenye kijiko cha chuma kilicholazwa juu ya mchanga uliokaangwa, na wanapata kitu kama mbegu ya embe ambacho kinazama kama kingine chochote.

Mavazi: viatu vya ngozi vilivyofungwa, suruali ndefu ya pamba, shati la mikono mirefu, miwani ya kukinga macho. Si kandambili, na si jezi ya mpira wa miguu, kwa kuwa vitambaa vya aina ya nailoni huyeyuka ikaganda kwenye ngozi. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la risasi.

Wenzetu wa Marekani wanaosubu risasi za bunduki majumbani, jambo ambalo kwao ni burudani halali na huku kwetu bila leseni ni jinai, wana vyungu vya umeme vyenye kirekebisha joto na kipimajoto ndani. Wanavihitaji. Risasi ya bunduki lazima iwe na kipenyo kamili na ugumu maalumu, ndiyo maana wanachanganya stani (bati) na antimoni, metali ya kuongeza ugumu. Mchanganyiko wao mmoja unaofahamika sana ni asilimia 90 risasi, 5 stani, 5 antimoni. Chubwi haihitaji hata kimoja cha hivyo, kwa kuwa kazi yake ni kuzama tu. Kutoka kwao ningechukua kitu kimoja, kirekebisha joto, na mengine yote ningewaachia.

Risasi unaitoa wapi?

Hapa ndipo hesabu ya "bure" inapovunjika.

Chanzo cha karibu zaidi ni betri la gari, na ndicho kibaya zaidi. Ndani yake risasi ngumu ni kidogo. Sehemu kubwa ni uji wa oksidi na salfeti ya risasi uliolowa asidi ya salfuriki. Ukilipasua kwa shoka uani, asidi inaingia ardhini, uji unakauka, na siku ya pili upepo unaupeleka ulipo mkeka, ulipo mtungi wa maji, walipo watoto. Baadhi ya bamba zina antimoni au aseniki pia, na mabaki yake yakikutana na unyevu yanaweza kutoa gesi za sumu. Hakuna chubwi yenye thamani hiyo.

Mombasa wanaijua habari hii kwa uchungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, pembeni kabisa ya nyumba za watu, na kilifungwa 2014 baada ya kampeni iliyoongozwa na Phyllis Omido, mama aliyekuwa ameajiriwa hapo na ambaye mtoto wake alikutwa na risasi mwilini. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, kesi ikapanda na kushuka, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha fidia hiyo Desemba 2024. Kiwanda si jiko la uani, ninajua. Lakini kilichowadhuru watu pale ni vumbi, moshi na maji machafu ya betri, na jiko la uani linatoa yale yale kwa kipimo chake, umbali wa hatua tatu kutoka mlango wa chumba cha kulala.

Chanzo cha pili ni vile vibonge wanavyobandika mafundi wa tairi wanapobalansi magurudumu. Hivi ni safi zaidi, ila siku hizi vimechanganyika. Ulaya iliacha vya risasi kwa magari mapya tangu 2005, na magari yanayoshushwa bandarini yanakuja na vya zinki na vya chuma. Vingi vina alama: Pb ni risasi, Zn ni zinki, Fe ni chuma. Kisicho na alama kikwaruze kwa ukucha au kidondoshe sakafuni. Risasi inakwaruzika na hutoa sauti nzito ya "tu". Zinki inalia "ting". Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420, kwa hiyo moto ukiwa wa wastani itaelea juu na utaichota. Moto ukizidi itaingia ndani na risasi yako itakuwa uji mzito kama ugali wa asubuhi usiojaza kalibu. Vibonge hivyo vya risasi navyo vina antimoni kidogo, ndiyo maana ni vigumu kuliko risasi tupu. Kwa chubwi ya kawaida haidhuru. Kwa zile ndogo za kubana kwenye uzi haifai, zitapasuka.

Chanzo cha tatu, bora kuliko vyote, ni risasi laini: maganda ya nyaya za zamani za chini ya ardhi, mabomba kuukuu, mabamba ya paa au ya vyumba vya eksirei vilivyobomolewa. Muuza vyuma chakavu anayejua kazi yake anaitenga. Lakini anajua pia bei yake, kwa hiyo "bure" imekwisha hapo.

Kuhusu sumu yenyewe nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wengi wanaogopa kitu kisicho cha kuogopa. Kushika risasi ngumu kwa mkono hakukuui. Haipiti kirahisi kwenye ngozi. Hatari ni mkono kwenda mdomoni, na vumbi kwenda puani. Lile vumbi la kijivu na njano linaloondolewa juu ya chungu ndilo baya kuliko moshi wenyewe, kwa sababu unalikung'uta, linaruka, linakaa kwenye nguo, na nguo zinakumbatiwa na mtoto ukiingia nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na likaweka maikrogramu 5 kwa desilita kuwa ndicho kiwango cha kuanza kutafuta chanzo na kukiondoa. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya anachofyonza mtu mzima kutokana na kiasi kile kile kilichomezwa. Risasi huhifadhiwa mifupani kwa miaka mingi, na kwa mama mjamzito hutoka mifupani hadi kwa aliye tumboni.

Ya dukani

Hapa sina mengi. Ukinunua chubwi ya risasi iliyotengenezwa kiwandani unapata uzito unaojulikana, kitanzi imara na mara nyingi rangi au plastiki juu yake, ambayo inapunguza risasi inayobaki vidoleni. Unalipia zaidi kwa kila moja. Kwa anayepoteza chubwi moja kwa wiki, hiyo si gharama ya kuumiza kichwa.

Tahadhari ni kwa zile zinazouzwa kwa mkono bila kujulikana zilikotoka. Nyingi ni za betri zilizopasuliwa uani kwa mtu mwingine. Umekwepa moshi wewe, umemlipa jirani aufukize kwake. Muulize muuzaji, akikwepa jibu, umejibiwa.

Na iwe ya dukani au ya uani, acha kuibana kwa meno. Ile tabia ya kuifunga chubwi ndogo kwenye uzi kwa magego, kisha unatafuna mhogo kwa mkono ule ule, ndiyo njia fupi kuliko zote ya kuila risasi. Koleo dogo lipo madukani.

Nondo

Sasa tuje kwa mshindi wangu. Nondo ya milimita 12 ina gramu 890 kwa mita. Ya milimita 16 ina gramu 1,580, na ya milimita 20 ina gramu 2,470. Kwa hiyo gramu 100 ni sentimita 11 za ile ya 12, sentimita 6 na kidogo za ile ya 16, au sentimita 4 tu za ile ya 20. Huhitaji mizani, rula na msumeno wa chuma vinatosha, na kwenye kila jengo linaloinuka kuna vipande vya urefu huo vilivyotupwa. Omba kwa msimamizi, usiokote kimya kimya.

Unene una maana yake. Chuma chembamba kirefu kinapenya kwenye mianya ya mwamba na kinatoka, lakini kikining'inia mkondoni kinapigwa ubavu mzima. Chuma kinene kifupi kinakaribia umbo la duara na mkondo unakisukuma kidogo. Kwa hiyo ya 12 ni ya mwambani kwenye maji yaliyotulia, ya 20 ni ya penye mkondo. Ya 16 ni ya aliyekubali kubeba aina moja tu.

Kufunga: mikunjo ya nondo inashika uzi vizuri. Zungusha uzi mara nne au tano, funga, kisha vuta utepe wa mpira wa tairi ya baiskeli juu yake. Mwenye fundi wa kuchomelea karibu amwombe amtilie kitanzi cha waya, dakika moja kila kimoja. Kingo za msumeno zipigwe tupa, la sivyo zitakata uzi wako kabla ya mwamba.

Siri ya nondo ni kuifunga kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Mshipi wako ukihimili kilo 20, chubwi ifungwe kwa uzi wa kilo 5 au 6. Inaponasa, unavuta, uzi dhaifu unakatika, na changu anarudi na ndoana yake. Kwa chubwi ya risasi uliyoitolea jasho hutaki kufanya hivyo. Unahangaika, unazungusha ngalawa, unavuta kutoka upande wa pili, mwisho unakata mshipi mkuu na kupoteza vyote. Chubwi ambayo huumii ukiipoteza inakufanya uvue vizuri zaidi, kwa sababu unathubutu kuishusha pale samaki walipo.

Kasoro zake nazo zitajwe. Inashika kutu, na kutu inachafua ngalawa, mikono na uzi. Ukiipaka rangi ya mafuta inachelewa, ila sioni haja, kwa kuwa nyingi hazikai majini muda wa kutosha kuozea. Haibonyei, kwa hiyo huwezi kuitumia kwa kazi ya zile chembe ndogo za kubana. Na kwa kurusha kutoka ufukoni haifiki mbali kama risasi ya uzito ule ule, kwa sababu hewa nayo inasukuma.

Zile chembe ndogo zina jibu lingine. Waya wa kulehemu wa mafundi redio, ule usio na risasi, karibu wote ni stani. Unauzungusha kwenye uzi juu ya ndoana mizunguko unayoitaka. Angalia maandishi ya kifurushi, maana aina ya kawaida bado ina risasi nyingi. Uingereza ilipiga marufuku tangu mwaka 1987 kuuza vibonge vya risasi vya kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35, baada ya mabatamaji kuvimeza wakidhani ni changarawe na kufa. Kanada ikafuata mwaka 1997 katika hifadhi zake za taifa kwa vile vilivyo chini ya gramu 50. Hao walilenga vidogo kwa sababu ndivyo ndege humeza. Kwenye maziwa yetu yenye ndege wengi, hoja hiyo inasimama vile vile.

Basi kwa nani ipi?

Mwenye mshipi wa mkono anayefuata changu, tasi na chewa wa mwambani, asipoteze muda: nondo, uzi dhaifu, na mfuko wa vipande kumi na tano chini ya kiti. Wa ziwani anayetega ndoana nyingi kwa sangara, vivyo hivyo, na hata jiwe linamtosha pasipo na mkondo wa maana.

Anayeshuka kina kirefu kwenye kingo za Mkondo wa Pemba au nje ya Mafia, maji ya bamvua, na uzi mwembamba, anunue risasi iliyotengenezwa vizuri. Hapo theluthi ile ya eneo inakuwa tofauti ya kugusa chini na kutogusa. Ajaribu kwanza nondo nene ya milimita 20 au 25. Kuna siku itatosha na atajiokolea fedha.

Mwenye nyavu ana shida yake. Chuma kikikaa kwenye nyavu siku zote, kutu inakula nyuzi, kwa hiyo nondo haifai. Kamba ya chini inayouzwa ikiwa na risasi ndani yake ndiyo safi zaidi, kwa kuwa risasi haiguswi. Udongo uliochomwa unafaa kwa nyavu nyepesi.

Kusubu nyumbani ninakuachia wewe unayehitaji umbo ambalo huuziwi, una risasi laini ambayo tayari ni metali, si uji wa betri, hukai na watoto wala mjamzito kwenye uwanja huo, una chombo cha chuma na gesi, na unaweza kusubu za msimu mzima kwa asubuhi moja, mahali pa wazi, upepo ukiwa mgongoni na kupeleka mbali na nyumba. Masharti ni mengi kwa sababu kazi yenyewe ni hiyo. Wavuvi wanne au watano wakishirikiana, mmoja akaifanya kwa wote mara moja kwa mwaka, hesabu inaanza kuwa na maana. Kila mtu jikoni kwake, haina.

Na kama una kopo la risasi kuukuu ndani tayari, usilitupe baharini wala usilifukie. Chubwi za risasi ulizonazo zitumie mpaka ziishe, zikikaa kwenye kopo lenye mfuniko na si mfukoni pamoja na tumbaku. Ile risasi ghafi muuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Bei yake kwa kilo inazidi ya chuma kwa mbali, na fedha yake itakununulia nondo za kutosha. Vumbi lililochotwa juu ya chungu, likiwa limepoa kabisa, lifungwe kwenye kopo la bati, liandikwe kwa rangi lilicho nacho, na liende pamoja na risasi hiyo kwa mnunuzi. Betri zima lirudishwe kwa muuza betri bila kufunguliwa. Wengi hulipokea na kukupunguzia bei ya jipya.